Mboga Chungu na Muhogo Mchungu: Tarihi ya Chakula cha Nchi ya Mara

Makoko ni kata ya mji wa Musoma iliyokaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na msafiri aulizapo habari zake hutajiwa aghalabu mambo matatu: mwalo ambao wavuvi hushushia dagaa na kuwaanika juani, seminari iliyolea vijana wengi wa nchi ya Mara, na chuo cha lugha ambako, tangu miaka ya 1960, mapadri na masista wa kigeni wamekuja kujifunza Kiswahili, wa kwanza wao wakiwa watu wa shirika la Maryknoll lililoingia Musoma mwaka 1946. Hayo yote ni kweli na yana heshima yake. Walakini ipo elimu nyingine iliyokuwapo mwambaoni hapo kabla ya kengele ya shule yoyote kulia, elimu isiyoandikiwa daftari wala kutolewa shahada, ambayo mabibi waliwarithisha wajukuu zao penye mafiga: jani lipi lichumwe na lipi liachwe, muhogo uvundikwe siku ngapi, nafaka ipi ichanganywe na ipi, na kitoweo gani kifuatane na ugali gani. Tarihi ya elimu hiyo ndiyo nitakayoisimulia, kwa kuwa ndani yake mna jibu la swali ambalo wataalamu wa kemia na tiba wamelifikia baada ya safari ndefu, yaani ni kwa njia gani chakula cha mimea humkinga mwanadamu na madhara ya sumu, na ni kwa sababu gani kinga hiyo mara nyingine huvunjika.

Wenyeji wa mwambao wa Musoma ni Wakwaya, na jirani zao wa kandokando ya maji ni Wajita, Waruri na Wajaluo, ilhali bara kidogo, kuelekea Butiama na mbele yake, wako Wazanaki, Wakurya, Waikizu na Wangoreme. Lugha zao ni mbalimbali na mila zao hazilingani, lakini vyungu vyao vya kale vilifanana sana: nafaka zilikuwa ulezi na mtama, kitoweo kilikuwa samaki kwa watu wa ziwani na maziwa kwa wafugaji, na baina ya hivyo viwili palikuwa na mboga za majani, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu, ila zilijiotea mashambani baada ya mvua za kwanza na penye samadi ya mazizi. Ulezi ulistahiwa kuliko nafaka nyingine zote. Asili yake ni nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, hukaa ghalani miaka kadhaa bila kubunguliwa, na mbegu yake ndogo nyekundu, ambayo husagwa pamoja na ganda lake, ina sifa mbili zitakazotuhusu huko mbele: ganda hilo limejaa viambato viitwavyo polifenoli, na protini yake ina methionini, asidi amino yenye salfa, kwa wingi unaozidi ule wa nafaka nyingi.

Ama mboga, mashuhuri kati yake ilikuwa mgagani, ambao Wajaluo huuita akeyo au dek. Kisha mnavu, ndio osuga. Mlenda, ndio apoth. Na majani ya kunde, ndiyo boo. Mgagani ni mchungu, na mnavu nao ni mchungu, na mpishi asiyejua kazi huwaudhi walaji. Kwa sababu hiyo pakawa na kanuni: majani huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha mboga hurudishwa motoni pamoja na maziwa, na pengine hulazwa hata siku ya pili na kupashwa tena, hata ule uchungu ukawa ladha inayotamaniwa. Mlenda na kunde vilitiwa magadi ili vilainike. Mvua zilipokwisha, majani yaliyozidi yalianikwa na kuwekwa akiba ya kiangazi, kama wafanyavyo Wasukuma kwa majani ya kunde wayaitayo nsansa. Hatuna haja ya kuwasifu wazee kupita kiasi kwa kanuni hizi, maana yale maji yaliyomwagwa yaliondoka na sehemu ya vitamini C, magadi yaliiharibu sehemu nyingine, na jua kali liliipunguza karotini ya majani yaliyoanikwa. Lakini mboga ililiwa kila siku, ililiwa kwa wingi, na ililiwa na maziwa au samaki. Na mlo unaorudiwa mwaka mzima una nguvu ambayo mlo bora wa siku moja hauna.

Tueleze sasa, kwa kadiri inavyotosha, kazi inayofanywa na majani hayo ndani ya mwili. Mwanadamu huishi kwa oksijeni, na oksijeni hiyohiyo humdhuru, kwa sababu katika kila seli, chakula kinapounguzwa ili kitoe nguvu, huzuka chembe zisizotulia ambazo wataalamu wameziita radikali huru, nazo hushambulia mafuta, protini na hata mbegu ya urithi iliyomo ndani ya seli, mfano wa jembe lililosahauliwa shambani likashikwa na kutu kwa hewa na umande. Mwili una walinzi wake wa asili, na mkubwa wao ni glutathioni, ambayo huundwa kwa asidi amino tatu, mojawapo ikiwa sisteini yenye salfa. Walinzi wengine huletwa na chakula: vitamini C, vitamini E, karotini, na yale makundi makubwa ya polifenoli ambayo mmea hujitengenezea kwa ajili ya kujihami na jua, wadudu na maradhi, na ambayo aghalabu ndiyo yanayoupa ukali na uchungu wake. Hao wote huitwa antioksidanti. Maadamu walinzi na washambulizi wanalingana, mtu huwa na siha. Lakini sumu ya kemikali ikiingia, radikali huzidi kwa ghafla, walinzi hutumika kwa haraka kuliko wanavyozaliwa, na hapo madhara huanza kwenye ini, figo au mishipa ya fahamu.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria, alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu pia vitamini C; Denham Harman wa Marekani alitangaza mwaka 1956 nadharia ya kwamba radikali huru ndizo zinazomzeesha mwanadamu; na mwaka 1985 Helmut Sies wa Ujerumani alihariri kitabu kilichokusanya habari zote za hali hiyo ya walinzi kuzidiwa na kuifanya kuwa mlango kamili wa elimu. Msomaji naaukumbuke mwaka huo wa 1985, kwa sababu ndio mwaka ambao nchi ya Mara, pasipo kualikwa na mtaalamu yeyote, iliingia katika tarihi ya jambo hili kwa msiba.

Ili kuufahamu msiba huo ni lazima tumfuate mgeni mmoja aliyekuja kutoka mbali, naye ni muhogo. Mmea huu ni wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika, na kutoka pwani zote mbili uliingia bara pole kwa pole, hata ukafika pande za Ziwa katika karne ya 19. Wakulima wa ulezi hawakuupapia. Lakini serikali za kikoloni ziliupenda kwa sababu zisizohitaji maelezo mengi: huvumilia ukame, hustawi katika ardhi iliyochoka, nzige wakishuka hula majani na kuuacha mzizi, na shamba lenyewe ni ghala, maana mzizi hukaa ardhini mpaka siku ya kuhitajiwa. Waingereza walipotawala Tanganyika walitoa amri za kuwalazimisha wakulima walime mazao ya akiba ya njaa, muhogo ukiwa mbele ya yote, na kwenye kituo cha Amani huko Usambara kazi ya kutafuta mbegu zinazoshinda maradhi ya muhogo ilianzishwa katika miaka ya 1930. Wakati huohuo watu wa Jimbo la Ziwa walihimizwa kulima pamba, na pamba ilidai mikono na siku zilezile ambazo ulezi, wenye palizi ya kuchosha na uvunaji wa kichwa kimoja kimoja, ulizihitaji. Hivyo bila ya vita wala matangazo ulezi ulirudi nyuma, ukabaki kuwa nafaka ya pombe, ya uji wa mzazi na ya ugali wa heshima, na muhogo ukashika kinu.

Sasa, muhogo mchungu, ambao mkulima huupenda kwa kuwa nguruwe mwitu na wezi huuogopa, umebeba ndani yake kiambato kiitwacho linamarini. Mzizi ukiwa mzima hauna kishindo. Lakini seli zake zikivunjwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na linamarini hiyo na kuanza kuivunjavunja, na mwisho wake hutoka sianidi, sumu kali inayojulikana na wauaji na wachimba dhahabu. Watu wa Ziwa waliijua hila yake bila ya kulijua jina lake. Walimenya mihogo, wakaivundika kwa kuirundika na kuifunika siku kadhaa mpaka ikaota ukungu na kulainika, wakaukwangua ukungu, wakaianika mpaka ikakauka kabisa, ndipo wakaitwanga. Na huo ndio udaga, ambao unga wake, ukichanganywa na wa mtama au ulezi, huleta ugali mweusi unaopendwa Musoma hata leo. Katika siku zile za kuvundikwa, vimelea vidogo visivyoonekana huilainisha nyama ya mzizi, kimeng'enya humaliza kazi yake, na sianidi huruka hewani. Kila siku ya kungoja ilikuwa na maana.

Ajabu ya mmea huu huonekana vizuri zaidi katika kisamvu. Majani ya muhogo yana viambato vya sianidi kuliko hata mzizi, na mtu akiyala mabichi hujidhuru. Lakini yakitwangwa kinuni hata yakasagika, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu, sumu hutoka na mvuke, na kinachobaki ni mboga yenye protini na karotini. Mmea mmoja, basi, una madhara na manufaa, na anayeamua lipi limfikie mlaji ni mwanamke mwenye mchi.

Ukame ulioishika nchi katika miaka ya mwanzo ya 1980 uliiweka kanuni hii katika mtihani. Wilayani Tarime, kaskazini mwa Musoma, nafaka zilikauka, mifugo ikadhoofika na maziwa yakapungua, na kilichosimama shambani kilikuwa muhogo mchungu, ambao kiangazi kikali chenyewe huuzidishia sumu. Mwenye njaa hana miiko. Siku za kuvundika zikakatwa. Muhogo ukatwangwa na kuanikwa kwa muda mfupi, ukaliwa asubuhi na jioni bila ya kitoweo cha maana. Mwaka 1985 zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake na watoto, walipatwa na ugonjwa wa ghafla ambao haukuwa na homa wala jeraha: mtu alikuwa mzima, na baada ya siku chache miguu yake yote miwili ilikakamaa sawia, akatembea kwa vidole au kwa magongo, au asitembee tena. Ugonjwa huo ni konzo, ulioelezwa na tabibu Giovanni Trolli katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938, na hauna dawa ya kuuondoa.

Waliouchunguza ni William Howlett, tabibu wa mishipa ya fahamu. Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, iliyotokana na misheni ya Wamenoni waliofika huko mwaka 1934. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Na Hans Rosling wa Uswidi, ambaye mwaka 1981 alikuwa ameushuhudia ugonjwa huohuo ukiwapooza watu zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Msumbiji, katika ukame na vita. Taarifa yao, iliyochapishwa mwaka 1990, iliuonyesha mwili wa mgonjwa wa Tarime kuwa umeshambuliwa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni ule wa sumu iliyozidi. Upande wa pili ni ule wa ulinzi uliopungua, kwa kuwa mwili huigeuza sianidi kuwa thiosianati isiyo kali, ikatoka kwa mkojo, kwa kutumia salfa inayotokana na methionini na sisteini; na asidi hizo muhogo hauna ila kidogo sana, zimo katika samaki, maziwa, mayai, na, kama tulivyotangulia kusema, katika ulezi.

Hapa ndipo nyuzi zote za hadithi hii zinapokutana. Sianidi huziba mlango wa mwisho wa kuungua kwa chakula ndani ya seli, na oksijeni isiyopata njia yake hugeuka radikali. Salfa ileile ambayo ingeunda glutathioni ya kuzizima radikali hizo imekwisha kutumika kuitoa sianidi. Na antioksidanti za mboga, ambazo zingesaidia, zimekauka pamoja na mgagani. Wachunguzi wa baadaye nchini Kongo, akiwamo Désiré Tshala-Katumbay, walipima damu za watoto wenye konzo wakakuta humo alama za uharibifu huo wa oksijeni. Si ukame peke yake ulioleta madhara Tarime, maana nchi ya Mara iliwahi kuona njaa nyingi kabla ya hapo. Ni ukame uliokuta chungu ambacho miaka 50 ya amri na masoko ilikuwa imekipunguza mpaka kikabaki na chakula kimoja.

Wala njaa si mlango pekee wa konzo kupitia. Katika Bandundu, nchini Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, barabara nzuri ilipoliunganisha jimbo na soko la Kinshasa, wanawake waliokuwa wakiloweka muhogo siku tatu walianza kuuloweka siku moja, kwa kuwa wachuuzi walikuwa wakingoja na fedha ilikuwa ikihitajiwa. Nayo konzo ikawafuata vijijini. Mvua ilikuwapo, mihogo ilikuwapo, kilichokosekana ni siku mbili.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ya haya yote ni kukitoa kile kiambato chenye manufaa ndani ya jani na kumpa mtu kidonge. Rai hiyo imejaribiwa. Nchini Finland wavuta sigara 29,133 waligawanywa katika makundi, baadhi yao wakapewa beta-karotini kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yaliwashangaza walioyangoja, kwa kuwa saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 18 miongoni mwa walioimeza. Maabara nyingi duniani, za Afrika Mashariki zikiwamo, huwapa panya kemikali kama tetrakloridi ya kaboni ili ini lao liharibike, kisha huwapa dondoo la jani fulani na kupima kama ini limenusurika. Na mara nyingi hunusurika. Kazi hiyo ina faida, kwani hutuonyesha njia ambayo jani hufanyia kazi, lakini panya aliyenyweshwa dondoo kwa kipimo kikubwa hana hali moja na mzazi wa Makoko anayekula kikombe cha mnavu, na kiambato kilichotengwa na wenzake hakitendi kama kinavyotenda kikiwa kati yao.

Kwa sababu hiyo ni wajibu kuonya juu ya sumu nyingine iliyoko katika ardhi hiyohiyo. Huko Butiama, kwenye Buhemba na Kiabakari, dhahabu ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni, na wachimbaji wadogo wa leo huinasa kwa zebaki, wakaichoma na kuuvuta mvuke wake. Zebaki nayo huiandama salfa, huishika glutathioni na kuufilisi mwili, na mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa na mataifa ili kuipunguza. Mtu aliyelishwa vizuri huvumilia zaidi kuliko mwenye utapiamlo, jambo hilo ni dhahiri. Lakini hakuna mgagani wala ulezi utakaoitoa zebaki iliyokwisha kuingia kwenye ubongo, na anayemuuzia mchimbaji unga wa majani kwa ahadi hiyo anamdhulumu mara mbili. Chakula ni kinga ya kwanza, na kinga ya kwanza haiondoi haja ya kuizuia sumu huko inakotoka.

Leo katika masoko ya Musoma sembe ya mahindi imeushinda ulezi, sukuma wiki imeusogeza kando mgagani, na dagaa wa Makoko, ambao wangeweza kumpa mtoto wa mkulima salfa yote anayoihitaji, hupakiwa magarini kwenda mbali, na wengine huishia kuwa chakula cha kuku. Wataalamu nao hawakukaa bure. Howard Bradbury wa Australia alibuni njia nyepesi ya kuulowesha unga wa muhogo, kuutandaza tabaka jembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sianidi iliyobaki iruke kabla ya kupikwa, na njia hiyo imefundishwa hapa Tanzania. Ni njia njema, na ubora wake unatokana na jambo moja, kwamba inamhurumia mwanamke kwa kumwomba saa badala ya siku.

Maana gharama ya kinga hii yote ililipwa na yeye. Ndiye aliyepalilia ulezi, aliyechuma majani kabla jua halijawa kali, aliyengoja udaga uvundike ilhali watoto wanaulizia chakula, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kukakamaa miguu wakati wa kungoja ulipokosekana. Serikali inayohimiza muhogo kwa ajili ya ukame, na kwa haki huuhimiza, inapaswa kuhimiza pamoja nao kunde, ulezi na dagaa, na kuona kwamba maji na mashine ya kusaga viko karibu. Na mnunuzi wa unga anapaswa kujua kwamba udaga uliovundikwa sawasawa haustahili bei moja na muhogo uliokaushwa kwa pupa, kwa kuwa soko lisilozilipia siku zile za kungoja ndilo linaloirudisha sumu mezani.